Jumapili Waliyokuja Kutafuta Kaburi la Baba

Juzi nilikuwa Jericho, mtaa niliokulia Nairobi, katika ukumbi wa mtaa, kwenye kikao cha harusi ya binti wa rafiki yangu. Mama mmoja aliyeketi karibu nami alinitazama sana, kisha akaniuliza kama mimi si yule mtoto wa mama wa masweta. Nikamwambia ndimi. Akafurahi, akanisogezea mandazi, akauliza kwetu tulizaliwa wangapi. Swali jepesi, rafiki yangu, la kujibiwa huku mtu anatafuna. Lakini mimi nilishika kikombe changu kwa mikono miwili. Mpaka nilipokuwa darasa la tatu ningejibu bila kusita kwamba niko peke yangu. Halafu ikaja Jumapili moja mwishoni mwa miaka ya sabini, na kufikia saa ya chai ya jioni tulikuwa wawili, wala hakuna aliyekuwa amejifungua.

Ngoja nikueleze tulivyoishi, ndipo utajua kwa nini jambo hilo lilitupiga vile.

Nyumba yetu ilikuwa ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, kama zote za safu ile. Chumba, sebule, jiko dogo nyuma, na sakafu nyekundu ambayo mama aliipiga polishi mpaka ukaona kivuli chako. Dirishani palikaa mashine yake ya kufuma. Mama alitoka Murang'a, na ndiye aliyefumia masweta watoto wa shule za karibu, ya kijani, ya maruni, ya bluu. Sauti ya mashine hiyo, krrr kwenda, krrr kurudi, ndiyo iliyonilaza na ndiyo iliyoniamsha. Hadi leo nikisikia zipu ndefu ikifungwa ghafla, mimi hugeuka kumtafuta mama.

Baba alikuwa dereva wa lori la unga kule Viwandani. Jioni alirudi amekuwa mweupe kuanzia nyusi mpaka viatu, akanawia nje bombani huku watoto wa safu wakimcheka. Alikuwa mpole, msemaji kidogo, mpenda redio. Alitoka Kitui. Hilo nililijua kwa sababu jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mchonga vinyago, alitoka upande huohuo, na wawili hao walisalimiana Kikamba asubuhi. Jirani huyo alifanyia kazi mlangoni pake. Ukipita ulimwona ameweka twiga asiye na miguu katikati ya magoti, tezo mkononi, na maranda yametapakaa hadi kwetu. Mama aliyazoa kuwashia jiko. Kila kitu katika safu ile kilikuwa cha mtu mmoja kwanza, kisha cha wote.

Kitu kimoja tu nilikosa. Mwezi wa nane shule zikifungwa, mtaa ulipungua watoto. Wote walikwenda ushago, mashambani kwa wazee wao. Wakirudi walikuwa na miwa, na mahindi mabichi, na magoti yaliyochubuka, na hadithi za ng'ombe walioota pembe ndefu zaidi kila waliposimulia. Mimi Krismasi nilipelekwa Murang'a kwa kina mama, lakini watoto wa mtaa walikuwa wakali katika jambo hilo. Ushago ni kwa baba, walisema, kwingine ni kutembea tu.

Nikamuuliza baba kwetu ni wapi. Akaniambia, "Kwetu kulikauka." Na mimi nikapachora kichwani kama sufuria iliyosahauliwa motoni.

Basi siku hiyo tulikuwa tumetoka kanisani, tumekula, baba ameingia nyuma ya pazia kulala kama alivyofanya kila Jumapili. Redio ilikuwa ikitangaza mpira kwa sauti ya chini. Mama alikuwa akisukuma chapati za jioni. Mimi nilikuwa nje nikicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na wasichana wenzangu, mpira wetu ukiwa wa nailoni na kamba. Ghafla tukasikia kelele kutoka upande wa Jogoo Road.

"Mzungu! Mzungu anakuja!"

Akaja kweli, katikati ya kundi la watoto wasiopungua darasa zima. Alikuwa mama mrefu wa makamo, nywele za mvi amezikata fupi, miwani usoni, miguuni viatu vya kamba kama vya mwanamume. Alikumbatia maua meupe yaliyofungwa kwa gazeti. Kando yake alitembea mwanamume mwembamba aliyevaa koti katika joto lile, na nyuma yao msichana mkubwa kwangu, amevaa sare ya shule nisiyoijua, ingawa ilikuwa Jumapili. Soksi zake alizivuta hadi magotini. Mkononi alishika kopo tupu la mafuta ya kupikia lililooshwa likang'aa.

Jirani mchongaji aliinua macho. Akamtazama yule msichana. Akaweka twiga chini, akaokota vifaa vyake kimoja kimoja, akaingia ndani, akafunga mlango. Mchana! Mlango ule sikuwa nimewahi kuuona umefungwa mchana, hata mvua ikinyesha.

Watoto hawakusita. Mwanamume yule alikuwa amewatajia jina, nao wakamleta moja kwa moja hadi kwetu.

"Hodi hapa," akasema.

"Karibuni," mama akajibu, akatokea na unga hadi kwenye viwiko. Alipomwona mzungu akajipangusa haraka kwa leso. "Karibuni ndani. Karibuni mketi."

Hawakuketi. Mwanamume akaivua kofia yake. "Hamjambo, mama. Utusamehe kwa kuja bila taarifa. Mimi ni mwalimu, tumetoka Kitui. Mama huyu ni rafiki wa shule yetu, ametoka Uswidi. Yeye na wenzake ndio wamekuwa wakimsomesha msichana huyu kwa miaka yote hii. Sasa, nyanya yake mtoto alituelekeza hapa. Alituambia watu wa nyumba hii watatuonyesha alikolala marehemu." Akataja jina la baba, la kwanza na la ukoo.

"Marehemu nani?" mama akauliza.

Mwalimu akarudia jina. "Alikuwa dereva. Tulisikia alizikwa huku Nairobi. Tungependa kuweka maua kidogo katika kopo hilo, na mtoto aone kaburi la babake. Hajawahi kuliona."

Mimi nilikuwa nimejipenyeza mlangoni, na nakuambia ukweli, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba kumbe kuna mtu mwingine mwenye jina kama la baba yangu, na maskini ya Mungu, alikufa.

Pazia likasogea. Baba akatoka na fulana, miguu mitupu, jicho moja limefumba, alama za mto zimejichora shavuni.

"Nani ananiulizia?" akasema.

Mwalimu akamtazama. "Wewe ni ndugu yake?"

"Ndugu ya nani?"

"Ya marehemu."

"Marehemu gani?"

Mwalimu akalitaja jina mara ya tatu, na sauti yake ilikuwa inapungua kadiri alivyolitaja, hata la ukoo halikusikika.

"Huyo ni mimi," baba akasema.

Kopo likaanguka. Liliviringika juu ya sakafu ile nyekundu, likapita miguuni mwa mzungu, likaenda likagonga mguu wa mashine ya mama, likatulia. Msichana hakupiga kelele. Alibaki amekunja vidole kana kwamba bado ameshika kopo, akimtazama baba. Sijaona tena mtu akitazamwa hivyo.

Baba naye akamwona. Usingizi ukamtoka usoni, na kila kitu kingine pia. Akatamka jina moja kwa Kikamba. Baadaye nilikuja kujua kwamba hilo halikuwa jina la msichana. Lilikuwa jina la mama yake, mke wa kwanza wa baba, aliyefariki akijifungua. Binti alikuwa amechukua uso wake wote. Baba akarudi nyuma hatua moja, akakalia kikapu cha nyuzi za mama, kikabonyea chini yake, akabaki humo.

Mzungu bado alikuwa akitabasamu, maskini. Aligeuza kichwa huku na huku, maua kifuani, akingoja kuambiwa njia ya makaburini. Mwalimu akainama akamwambia maneno machache kwa Kiingereza. Ndipo nikaona tabasamu lile likififia polepole, kama koroboi inayoishiwa mafuta.

Kuhusu mama, nilidhani atamfukuza mtu. Lakini yeye hakushtushwa na mtoto. Alijua baba ana binti Kitui, aliambiwa kabla ya kuolewa. Kilichomshtua ni kingine.

"Baba watoto," akasema, "ulisema unamtumia. Kila mwisho wa mwezi ulisema unamtumia huyu mtoto pesa."

"Nilituma," baba akasema akiwa kikapuni. "Zilirudi."

"Zilirudi wapi?"

Baba akatazama ukuta wa jirani. Mama akatoka na mikono yake ya unga, akaugonga mlango wa jirani mpaka ukafunguka, akamwingiza sebuleni kama anayemleta mwizi. Mchongaji akasimama pale akikwaruza maranda kwenye suruali. Alisema kweli, ni yeye aliyezibeba bahasha za baba hadi Kitui. Ya kwanza mama mzazi wa baba aliirudisha. Ya pili akamtupia miguuni.

"Alisema nini?" mama akauliza.

"Alisema maiti hatumi pesa."

Msichana aliposikia hayo akageuka, akatoka, akaenda kuketi kwenye saruji ya bomba. Watoto wote wa safu wakamzunguka kama nzi. Nikawafukuza, sijui nilipata wapi ukali huo, kisha nikaketi kando yake. Nilikuwa nimebeba chapati kwa sababu sikujua la kubeba.

"Huyo ni baba yako?" akaniuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha shuleni, kizito, kila neno limesimama peke yake.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

Nilifikiri sana. "Tangu zamani," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Mimi nilimlilia," akasema. Hakusema kwa hasira. Alinipa habari tu, kama mtu anavyokuambia alipita kwenu hakukukuta. Na mimi niliyekuwa na baba siku zote ndiye niliyeanza kulia, yeye akanitazama kwa mshangao. Nikampa chapati. Akaila yote kwa haraka, kisha akakasirika kwamba ameila.

Tuliporudi ndani mzungu alikuwa ameketi. Kupitia kwa mwalimu alikuwa akieleza kwamba katika mji wao mdogo kina mama hukutana kila juma, wanashona aproni, wanaoka mikate, wanauza mlangoni mwa kanisa, na kinachopatikana kinasomesha watoto wa kijiji cha nyanya yangu, mama yake baba. Siyo watoto wote. Waliwachagua wasio na baba. Na kina mama hao walikuwa wamemwombea baba yangu. Kila mwaka, siku ya kuwakumbuka wafu, yeye mwenyewe alimwashia mshumaa.

"Anauliza akifika kwao atawaambia nini," mwalimu akasema.

Baba alifikiri. "Awaambie nimepona."

Mwalimu hakutafsiri.

Maua yaliwekwa mezani, karibu na chapati, kwa sababu hakuna aliyejua mahali pengine pa kuyaweka. Mwishowe mama aliyatia kwenye ndoo. Kisha akanawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole, akasema bila kumwangalia mtu, "Kesho unaomba ruhusa kazini. Unakwenda kwenu. Na huyu," akaninyooshea kidole, "unakwenda naye, akaonekane." Mzungu alikuwa na safari ya kurudi kwao juma lile. Mwalimu alipomweleza maneno ya mama, aliiahirisha palepale.

Hivyo ndivyo nilivyokwenda ushago mara ya kwanza. Ndani ya basi baba aliketi mbele peke yake, dada yangu nyuma na mgeni, mimi katikati na mwalimu. Nilikuwa na furaha na niliionea haya furaha yangu, nikaificha kwa kutazama dirishani. Nchi ilikuwa nyekundu, miti mifupi, mito ya mchanga bila maji. Hata hivyo haikuwa imekauka vile baba alivyosema. Palikuwa na mbuzi, na mbaazi, na watu waliosimama kutupungia mkono.

Nyanya alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, ameketi mbele ya nyumba akisuka kiondo. Hakuinuka. Alimpa mgeni mikono yote miwili. Akamsalimia mwalimu. Akanishika kidevu, akakigeuza kushoto na kulia, akasema neno ambalo dada alinitafsiria baadaye, kwamba nilikuwa na masikio ya kwao. Kisha akaingia jikoni.

Baba alikuwa amesimama mbele yake muda wote huo, na macho ya nyanya yalimpita kana kwamba pale alipo hapana kitu.

Vigoda vikaletwa, kimoja cha mgeni, kimoja cha mwalimu, viwili vyetu watoto. Nyanya akapakua muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe mpaka yakalainika kama siagi. Kila mtu akapewa sahani. Baba hakupewa kigoda wala sahani. Alisimama kando ya ghala, kofia mkononi, jua likimpiga. Mwanamume aliyelifanya lori la tani nyingi limtii alisimama pale kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani, na mimi nikaiweka sahani yangu chini.

Mgeni akavumilia kwa muda. Kisha akainuka, akabeba kigoda chake, akakipeleka ghalani, akakiweka chini. "Kaa, baba," akasema. Maneno hayo ya Kiswahili alikuwa ameyajua, au aliyajua wakati ule.

Baba akakaa.

Nyanya akaweka upawa chini. Halafu akafungua kinywa akapiga ukemi. Rafiki yangu, sikuwa nimewahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwa mtu. Ulikuwa ukemi wa msiba, ule wa kuita kijiji. Kuku walitawanyika. Mgeni akashika shavu. Watu wakaanza kuja mbio kutoka mashambani, wanaume na majembe, wanawake wakilia hata kabla ya kufika, kama inavyotakiwa. "Nani? Ni nani amekufa?" Walipofika uani wakamwona baba juu ya kigoda. Wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Wakubwa walijua, nadhani, au walishuku, lakini nani angembishia mwanamke yule habari za mwanawe mwenyewe? Watoto hawakujua. Mmoja alikimbia na hakurudi.

Nyanya alilia mpaka akachoka. Baba alikuwa amepiga magoti mbele yake, hakuthubutu kumgusa. Kisha nyanya akaanza kusema, taratibu, kwa Kikamba, na mwalimu akawa ananong'ona Kiingereza kwenye sikio la mgeni. Mimi sikuelewa neno. Hapo ndipo dada yangu, bila kunitazama, alipoanza kunitafsiria. Kilikuwa kitu cha kwanza alichowahi kunifanyia.

"Anamwambia, mke wako alipokufa ulisema unakwenda Nairobi kutafuta riziki ya mtoto. Anasema, ukaoa huko, nami nikasema vibaya kuhusu huyo mwanamke, ukakasirika. Mimi nilisema, wewe ukakasirika, mtoto alisema nini?" Akavuta soksi zake juu. "Anasema mtoto alikuwa akienda barabarani kila jioni. Kila basi likipita anauliza, ni hili? Ni hili?"

Nyanya aliendelea, lakini dada aliacha kutafsiri, na mimi nikamvuta sare. "Anasema nini?"

"Anasema aliniambia amekufa ili niache kwenda barabarani. Anasema mtoto aliyefiwa hulia, kisha hunyamaza, kisha akala. Lakini mimi nilikuwa sinyamazi."

Baba alisema maneno machache tu, nikayaelewa bila msaada, kwa sababu aliyasema kwa Kiswahili. "Niliona haya," alisema. "Mwaka wa kwanza nilikuwa na hasira. Iliyobaki yote ni haya."

Mwalimu, mtu mwenye kupenda mambo yanyooke, akauliza jambo lililokuwa likimkera tangu Jericho. Kwa nini basi yeye nyanya aliwaambia waende kutafuta kaburi?

Nyanya akapangusa macho kwa ncha ya leso. "Sikuwaambia kaburi," akasema. "Kaburi mlisema nyinyi. Mimi niliwaelekeza alikolala. Kwani hamkumkuta amelala?"

Mwalimu akamtafsiria mgeni. Na mama yule aliyelia na kusali na kuwasha mishumaa miaka yote hiyo, akaanza kucheka mpaka miwani ikamtoka, nyanya naye akamtazama, akacheka kidogo upande mmoja wa mdomo. Kisha akaeleza kweli yake. Kifua chake kilikuwa kibovu, hakimpi usingizi tena. Akiondoka, mtoto huyu ataachiwa nani? Mzungu ni mtu mwema, lakini anakaa mbali.

Ungedhani mambo yaliishia hapo kwa kukumbatiana, lakini hapana. Siku ya pili mgeni alitupeleka shuleni, madarasa mapya ya mawe yenye mabati yaliyotokana na mikate na aproni za wenzake. Mbele ya madarasa hayo akamwita baba na dada. Alisema kwamba hawezi kurudi kwao na uongo mfukoni, atawaeleza wenzake yote. Urafiki wake na dada hauna mwisho, alisema, lakini karo ni kazi ya baba yake sasa. Nafasi ile itakwenda kwa mtoto mwingine, asiye na baba kweli.

Nilimtazama dada. Alikuwa amalize darasa la saba mwaka ule, kichwa chake kizuri kuliko vyote vya shule ile, na tegemeo lake la pekee lilikuwa mwanamke yule. Juzi alikuwa na rafiki Ulaya na kaburi Nairobi, vitu viwili alivyoviamini. Sasa akaambiwa kwamba badala yake ana mwanamume mwenye haya, asiye na akiba. Hakusema asante. Hakumuaga mgeni. Barua zake hakuzijibu kwa muda mrefu sana, nao mgeni hakuacha kuandika.

Baba alilipa. Alilipa kwa kuacha kupita baa, kwa kuomba safari za Mombasa ambazo madereva wengine walizikwepa, na mama alilipa kwa mashine, krrr mpaka macho yakawa mekundu. Nguo za Krismasi zilipungua, nami nikamchukia dada kidogo, kisha nikaenda ushago mwezi wa nane akanifundisha kukama mbuzi, nikaacha. Alisoma, akawa muuguzi. Mgeni alikuja mara moja tena, dada alipokuwa chuoni. Alilala kwetu Jericho kwenye kitanda chetu, akakaa mlangoni akimenya viazi na mama, wakizungumza kila mtu lugha yake. Dada alifika jioni kutoka chuoni akamkuta hapo. Akasimama. Kisha akachukua kisu, akaketi katikati yao, akaanza kumenya. Ndivyo walivyopatana.

Baba hakupata bahati hiyo. Dada alimheshimu, alimtibu, alimzika. Lakini kwa miaka yote alimwita "Mzee". Neno "baba" sikumsikia akilitamka, na baba hakuwahi kulidai.

Sasa wote wameondoka, nyanya, mgeni, baba, jirani na twiga wake. Mama yuko Murang'a, masikio mazito. Kina mama wale wa Uswidi sijui kama bado wanakutana. Siku hizi mtu husaidia mtoto wa mbali kwa kubonyeza simu, na ni vizuri, sikatai, lakini hapandi ndege akaja kuona kama viatu alivyonunua vinambana mtoto kidole.

Kinachonishtua zaidi nikiwa peke yangu si kwamba baba alikuwa hai. Ni jinsi ilivyokuwa rahisi kumpata. Wageni watatu walishuka Jogoo Road wakataja jina, na watoto wasiowajua wakawashika mikono wakawaleta hadi sebuleni. Hakuna aliyewauliza wanamtakia nini. Leo safu yetu ina geti la chuma, na geti lina askari, na askari ana amri zake. Angewauliza wanakwenda kwa nani. Wangetaja jina. Angeomba wampigie simu mwenyeji. Mwalimu, mtu mkweli, angemweleza kwamba mwenyeji hana simu, amekufa. Na askari angewaambia kwa upole wote, poleni sana, basi hapa hayupo. Dada yangu angegeuka akarudi zake kutoka hapo getini, na ndani baba angeendelea kulala, na mimi ningeendelea kucheza mpira.